Jarife la Marehemu Abdurrazaque

Sualehe aliingia uani bila kubisha hodi, na hilo peke yake lilimtosha Chamima kujua kwamba kuna jambo. Shemeji yake huyo hakuwa mtu wa kuingia hivihivi katika nyumba ya mjane wa nduguye, hata mlango uwe wazi. Aliketi juu ya kinu kilicholazwa ubavu, mkononi ameshika kipande cha kamba. Nyuma yake alisimama Amisse, mume wa Laila, binti yake Chamima. Kaptura yake ilikuwa ikichuruzika maji na macho yake yalikuwa chini.

"Jarife liko wapi?" Chamima aliuliza.

"Shemeji, tumekuta hii tu."

Chamima akaipokea ile kamba. Ilikuwa ya boya la mwisho. Haikusagika kwa kusuguana na mwamba. Ilikatwa mara moja, na nyuzi zake zilikuwa zimechanuka kama ufagio. Alizaliwa na mvuvi, akaolewa na mvuvi, hakuhitaji kuelezwa. Chombo cha injini kilikuwa kimepita juu yake, panga la injini likaikata.

"Nanga?"

"Imebaki chini huko. Jarife limeondoka na maji."

Hakupiga kelele. Aliingia ndani na ile kamba, akakaa kitandani, akaishika mapajani mpaka sufuria ya maharage ikaungua jikoni na Laila akaja kuiepua.

Jarife lile halikuwa wavu wa dukani. Marehemu mumewe, Abdurrazaque, alilifuma kwa mkono wake. Uzi aliuagiza kutoka Mtwara kwa wachuuzi waliovuka mpaka wa Namoto, na kila mvua zilipomzuia kwenda baharini alikaa barazani akifuma, redio imewekwa kando inazungumza Kireno. Lilikuwa jarife la macho makubwa, la papa, taa na nguru, dagaa wanapita ndani yake bila kujua kama pana kitu. Lilipoanikwa pwani watu walikuja kulitazama, wakatafuta mahali alipounga vipande wasipaone. Walimtania Chamima kwamba ana mke mwenziwe. Naye alicheka pamoja nao, maana alijua mke mwenza huyo ndiye aliyeezeka nyumba yao na kuwavika watoto.

Vita vilipoingia mji wao wa Mocímboa, Abdurrazaque hakubeba godoro wala redio. Alichimba shimo jikoni, akalifukia jarife ndani ya magunia ya plastiki, akarudisha mafiga juu yake na kumwaga majivu. Kisha wakakimbia na nguo walizovaa. Walifika mjini Pemba, makao makuu ya mkoa wao, wakapokewa na watu wenye nyumba ndogo na moyo mkubwa, na humo ndimo alimofia, kwa kifua. Siku zake za mwisho hakuuliza habari za nyumba yake. Aliuliza kama moto ukiwaka juu ya ardhi, joto hushuka chini kiasi gani.

Chamima aliporudi alikuta paa limeungua na ukuta mmoja umelala. Alichimba kwa mikono. Jarife lilikuwepo, panya wametafuna pembe moja tu. Alilia palepale shimoni kilio ambacho hata maziko ya Pemba hayakukitoa.

Basi ndilo jarife alilowakabidhi Sualehe na Amisse. Sualehe alikuwa mvuvi tangu utoto. Amisse hakuwa. Alikuwa kijana wa Diaca, huko bara, watu wa muhogo na korosho, aliyekutana na Laila kwenye foleni ya chakula katika mahema ya waliokimbia vita. Walipooana akaja kukaa kwa wakweze, akajifunza bahari akiwa tayari ana ndevu. Kuogelea kwake kuliwachekesha watu. Lakini alikuwa na bidii, na kila alichofundishwa alikifanya vilevile alivyofundishwa. Jarife likitoka majini, hakuna aliyelikunja vizuri kuliko yeye.

Zamani jarife halikuachwa baharini peke yake. Wenyewe walilala mashuani wakilichunga, na chombo kikija upande wao walipiga makelele na kuinua taa. Lakini tangu vita, tropa, askari wa serikali, waliagiza kila chombo cha uvuvi kiwe kimepandishwa pwani kabla ya jua kuzama. Na jarife hukamata usiku, mchana samaki huliona. Kwa hiyo wavuvi wakawa wanalitega alasiri, wanaliacha huko, wanarudi kulala roho juu. Wengi walikuwa wamekwisha kupoteza nyavu kwa njia hiyo. Chamima alisikia habari zao, akawaonea huruma, akaenda zake.

Siku ile mashua kadhaa zilizunguka kulitafuta. Zilirudi mikono mitupu. Kabla ya magharibi Sualehe akaja tena, safari hii akibisha hodi.

"Shemeji, nimefikiri. Bamvua hii imelivuta kusini, na kusini pana ule Mwamba Mweusi. Kama bado lipo, lipo pale, limejisokota. Lakini maji sasa yanakwenda kama mto. Tungoje yatulie. Twende mashua mbili au tatu, watu wa kuzamia na watu wa kushika kamba."

"Mpaka hapo litakuwa limebaki nini?"

"Litakalobaki."

"Litachanika. Au ataliona mwingine, aseme ni lake."

"Jarife la Abdurrazaque? Pwani nzima wanalijua."

"Pwani ya zamani, Sualehe. Hii ya sasa nusu yake siijui mimi, wala wao hawanijui."

Amisse alikuwa amekaa kizingitini, mtoto wake mdogo mapajani. Si kawaida yake kuingilia maneno ya wakubwa, lakini siku hiyo alisema, kwa sauti ya chini, "Mama, baba mdogo anasema kweli. Maji ni makali."

Ndipo Chamima alipomgeukia.

"Wewe unyamaze. Umezaliwa na jembe mkononi, utajuaje uchungu wa jarife? Mume wangu alikufa analitaja. Nyinyi mmepewa tu, mkalipoteza, na sasa mnakaa kwangu mnasubiri wali. Mwanamume angekuwa keshakwenda."

Laila, aliyekuwa akichagua mchele, aliinua uso. "Mama!"

"Nimesema."

Amisse akamweka mtoto chini taratibu, akasimama, akatoka nje. Hakuwa mtu wa kumjibu mkwewe. Sualehe naye akaaga.

Alfajiri Chamima alikuwa uani akitawadha, akasikia kafi ikichomolewa kutoka darini. Kati yake na Amisse palikuwa na kiwambo cha makuti tu. Alijua ni nani na alijua anakwenda wapi. Angekohoa tu, yule kijana angesimama. Angemwita jina, angerudisha kafi mahali pake na kuomba radhi kwa kumwamsha. Chamima aliendelea kuosha miguu, mmoja, kisha wa pili. Alisali. Katika sijida alimwomba Mungu jarife lipatikane, na jina la Amisse halikumjia mdomoni.

Sualehe alipokuja asubuhi kumtafuta mwenzake, na kusikia kwamba hori lao dogo, mtumbwi wa kupiga kafi, halipo pwani, alishika kichwa.

"Amekwenda peke yake? Kwenye mwamba? Na hakuna aliyemsikia?"

Laila alikuwa amesimama pale. Chamima akasema, "Mimi nilimsikia."

Sualehe akaondoka mbio kwenda kwenye kituo cha tropa pale bandarini kuomba ruhusa ya kuvuka rasi, maana Mwamba Mweusi uko ng'ambo ya mpaka waliowekewa wavuvi. Walimuuliza huyo mtu ni nani. Walimuuliza ametoka wapi. Aliposema Diaca, wakamuuliza mtu wa Diaca anatafuta nini baharini peke yake kabla hakujapambazuka, na anakwenda kukutana na nani. Sualehe alieleza, akaeleza tena kwa Kireno chake cha kuokoteza, mkubwa wao akasubiriwa, naye alipofika akataka aelezwe upya. Kufikia hapo jua lilikuwa limeshuka. Wakamwambia aje kesho.

Chamima alikaa mchangani akiangalia upande wa rasi mpaka askari wakaja kuwafukuza watu pwani. Alikuwa bado hajavunjika moyo. Alijiambia kwamba kijana ameona giza linaingia, amepandisha hori kwenye kisiwa, atalala huko. Hata alimtayarishia maneno ya kumpokea, maneno mazuri. Aliyapanga vizuri kichwani.

Wakaenda asubuhi, mashua tatu. Zilirudi pamoja, polepole, makasia yakienda kwa pamoja, na wanawake waliokuwa pwani walipoona hivyo walianza kuvua kapulana, kanga zao, mabegani na kujifunga kiunoni, kwa sababu walijua.

Sualehe ndiye aliyemweleza Chamima, baadaye, wakati maiti inaoshwa. Hakumficha kitu.

"Tulilikuta hori limefungwa kwenye vilezo, maboya ya jarife, vilivyoibuka. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka chini. Jarife lilikuwa limesimama juu ya mwamba kama ukuta. Mna kasa amekufa, mna papa, mna samaki wameanza kuoza na bado wengine wazima wanaingia. Naye yuko mle. Jicho moja la wavu lilimshika kifundo cha mguu, akajipinda kulitoa, akanaswa mkono."

"Kisu?"

"Nani anabeba kisu baharini siku hizi? Unakumbuka yule ambaye tropa walimkuta na panga ndani ya mtumbwi. Hakurudi. Sote tunaacha visu nyumbani."

Maji ya kuoshea maiti yalisikika yakimwagwa.

"Ndani ya hori," Sualehe akasema, "ndani ya hori mlikuwa na nusu ya jarife. Ameshalitoa nusu, shemeji. Amelikunja vile nilivyomfundisha. Nusu nzima, peke yake. Ile iliyobaki ndiyo tuliyoikata kwa magamba makali ya chaza ili kumtoa yeye."

Walimzika kabla ya adhuhuri. Mama yake alifika kutoka Diaca baada ya maziko, mwanamke mfupi aliyechoka, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi. Alikaa mkekani pamoja na wenye msiba, hakulia mbele ya watu. Aliuliza swali moja.

"Alikwenda kutafuta nini huko?"

Wanawake walitazamana. Laila aliinamisha kichwa. Ilibidi ajibu Chamima.

"Wavu."

"Wavu?"

"Wavu wangu."

Mama wa Amisse akaitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye hakusikia vizuri lakini anaona haya kuuliza tena.

Laila akakaa eda. Katika nyumba ya vyumba viwili, mama na binti walipishana kama wapangaji. Laila alipika, akamtengea mama yake chakula, akamwambia "Karibu," akarudi chumbani kwake. Hakumlaumu kwa neno hata moja. Chamima alitamani amlaumu. Alitamani atukanwe mbele ya majirani, lakini kila siku aliambiwa "Karibu" tu, kwa adabu ileile.

Jarife lilikuwa nyuma ya nyumba ndani ya gunia, nusu iliyo nzima pamoja na vile vipande vilivyokatwa. Lilinuka. Mbwa walikuja kulivuta. Siku moja Chamima alilitoa, akalirundika uani, akalimwagia mafuta ya taa na kutoa kiberiti.

"Usilichome."

Laila alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika nguo yake ya eda.

"Siwezi kuliona, mwanangu."

"Mimi ndiye nisiyeweza kuliona. Na mimi nasema usilichome. Mtoto atakula nini? Tutampikia majivu?"

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyomwambia tangu msiba. Chamima akarudisha kiberiti mfukoni. Alilibeba jarife mpaka pwani, akalisugua kwa sabuni na mchanga hadi vidole vikachubuka, na harufu ya mafuta haikutoka yote.

Kisha akaanza kulishona. Aliijua kazi hiyo, aliifanya miaka mingi kando ya mumewe. Ila hakulishona kama lilivyokuwa. Abdurrazaque alijivunia jarife refu lisiloonekana kiungo. Chamima alilikata vipande vifupi, hata kile ambacho Amisse alikitoa kizima, na kila kipande akakipa vilezo vyake na uzito wake. Vipande hivyo akaviunga kwa uzi mwembamba uliochakaa, uzi wa kukatika. Sualehe alipouvuta ukamkatikia mkononi.

"Shemeji, huu haushiki kitu."

"Ndivyo ninavyotaka. Kipande kikinasa mwambani, kibaki huko peke yake. Vingine vije nyumbani, na mtu aje nyumbani."

"Marehemu angeliona hili..."

"Marehemu hakuona niliyoyaona mimi."

Kwenye kila kiungo alifunga kitambaa chekundu, kutoka kwenye kapulana yake ya arusi. Vitambaa vingine hakuwa navyo.

Baraza la wavuvi lilipokaa kwenye kibanda cha kupimia samaki, Chamima alikwenda, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Hakuwa na ufasaha. Alisema anataka mtu akipoteza wavu apige yowe hapa pwani, ajulikane, waende wengi, na asiachwe mtu kwenda peke yake hata akitaka mwenyewe. Alisema anaomba wavuvi waruhusiwe kulala na nyavu zao kama zamani. Alisema anaomba kisu.

Mkubwa wa tropa alikuwepo, kijana aliyetoka kusini mwa nchi, na mwalimu wa shule alimfasiria. Alisikiliza kwa heshima. Kulala baharini, não, hapana, hilo halijadiliwi. Kisu kifupi, kilichofungwa na kamba ndani ya chombo, hicho wataona. Hakusema ndiyo. Alisema wataona, na wavuvi wakapokea hilo kama mtu anavyopokea maji ya kunywa, kwa sababu ndilo lililokuwepo.

"Na vyombo vya injini?" Chamima aliuliza. "Vipite nje ya vilezo vyetu."

Yuran, nahodha wa boti ya mizigo yenye kibali cha kwenda usiku, akajibu kutoka nyuma, "Mama, bahari si barabara. Usiku hicho kilezo nakionaje?"

"Usiku ule ulipita wapi, Yuran?"

Watu kibandani waligeuka kumtazama. Yuran alikwaruza sakafu kwa kandambili. "Nilipita ninapopita kila siku. Sikuona kitu. Wallahi sikuona kitu."

Inawezekana alisema kweli. Chamima alimtazama akaona kwamba hata kama ni kweli haimsaidii yeye, wala haimsaidii Yuran. Akakaa chini.

Kama jarife haliwezi kulala na watu, basi halitalala baharini kabisa. Ndivyo alivyoamua. Litategwa mchana, kwenye maji machafu karibu na mdomo wa mto, ambako samaki haoni vizuri, na chombo hakitaliacha hata kidogo. Sualehe alimwambia watapata samaki haba. Alijibu kwamba anajua. Shida ilikuwa watu. Kazi ile ilitaka watatu: wawili wa kuvuta na mmoja wa kushika kamba na kuangalia. Sualehe alimpata jamaa mmoja, Aiuba, ambaye hakuwa na chombo chake. Wa tatu hakupatikana. Pwani walikuwa wameshalipa jina, waliliita jarife la maiti, na hata wenye njaa hawakulitaka.

"Nitakwenda mimi," Chamima alisema.

Sualehe alicheka. Alipoona yeye hacheki, akaacha. "Mwanamke kwenye mashua ya jarife? Watatusema."

"Wanatusema tayari."

Siku ya kwanza alitapika mpaka akabaki mtupu tumboni. Aiuba aligeuza uso kwa heshima. Chamima alishika kamba ya jarife kwa mikono miwili, hakuifunga mkononi wala mguuni, na kisu cha jikoni, ambacho tropa hawakukiruhusu wala kukikataza, kilikuwa kimefungwa kwenye ubao wa kukalia, mbele yake, mahali ambapo mtu angekifikia hata akiwa ndani ya maji ameshika ubavu wa mashua. Jua lilimchoma. Walipata taa mmoja na vijisamaki vya kujaza sahani. Siku zilizofuata zilikuwa hivyohivyo, nyingine mbaya zaidi.

Eda ya Laila ilikuwa imekwisha majuzi tu, siku ile boti ya Yuran ilipowajia. Ilikuwa imetokea mtoni imejaa magunia, pua imeinuka juu, na nahodha hakuwa akiona mbele. Sualehe alipiga makelele. Chamima akasimama, mashua ikayumba, akaifungua kapulana yake begani akaipunga, akaita, "Yuran! Yuran mwana wa Catarina!" akimtaja kwa jina la mama yake, kama anavyoitwa mtu anayehukumiwa. Boti ilikata kona dakika ya mwisho. Haikuwagonga. Lakini ilipita juu ya ncha ya jarife, na Chamima akahisi kamba inavutika mikononi mwake, inavutika, kisha inalegea ghafla.

"Limekwenda!" Aiuba akasema.

Halikwenda. Kiungo kimoja kilikatika, kama alivyokishona. Vipande vyote vilikuwa palepale isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa kinaelea mbele kidogo na vilezo vyake, kitambaa chekundu kikionekana juu ya maji. Walipiga kasia, wakakiokota. Sualehe alicheka kwa sauti, kicheko ambacho hakikusikika tangu msiba, akampigia Chamima makofi.

"Shemeji! Umeona?"

Chamima aliona. Alikuwa ameushika ule uzi uliokatika, anauzungusha kati ya vidole. Uzi mdogo namna hiyo. Kama jarife lingeunganishwa hivi tangu mwanzo, lisingesimama zima juu ya mwamba kama ukuta. Ilihitajika saa chache tu za kushona. Kwa miaka yote hiyo jarife lilikuwa nyumbani kwake, na yeye alikuwa akilitazama likianikwa, akisifu jinsi lisivyokuwa na kiungo. Alikaa chini, akajifunika uso kwa kapulana, na Sualehe alipomwona aliacha kucheka, akashika kasia.

Laila alikuwa pwani. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika majini tangu maziko. Mtoto alikuwa mgongoni, na beseni tupu lilikuwa miguuni pake. Alikuwa amesimama mbele kabisa, mahali mawimbi yanapofika, na hakusogea walipoipandisha mashua. Alihesabu vichwa vya watu kwanza, kwa macho, Chamima alimwona. Ndipo akatazama samaki.

"Ndio hawa tu?"

"Ndio hawa," Chamima alisema.

Laila aliwatia ndani ya beseni mmoja mmoja, akiwageuza kuona mashavu yao. Mtoto alinyoosha mkono kushika mkia wa samaki, Laila akamwachia aushike.

"Kesho mnakwenda tena?"

"Mungu akijalia."

"Basi mimi nitakuwa hapa kila siku kabla jua halijainama. Nimekwisha sema na wenye mashua ile ya pili iliyokwenda mwambani, na wale wa ile ya tatu. Msipoonekana, tunakuja. Sitakwenda bandarini kuwaeleza tropa aliyepotea ametoka wapi na ni nani."

"Watakukamata, mwanangu."

"Wanikamate nikiwa baharini."

Chamima alitaka kumwambia neno. Yale maneno aliyoyapanga siku ile mchangani, ya kumpokea Amisse, bado alikuwa nayo, na yalimjia yote kinywani. Hayakuwa ya Laila. Aliyameza.

Laila aliinama, akaliinua beseni kichwani kwa mikono miwili, akajiweka sawa chini ya uzito wake. Alianza kupanda kuelekea nyumbani bila kumngoja mama yake. Chamima akabaki na wanaume, wakalitoa jarife mashuani na kuanza kulikunja, kipande kwa kipande.